Mama Priscillah Nyambeki na Raundi ya Siku Ishirini na Moja

Jamaa, majirani, wapendwa wa kanisa, na nyinyi watu wa stage ya magari mmeacha kazi mkakuja: aliyelala hapa ni Priscillah Nyambeki Masese, mke wa Danson, mama ya Tabby, Antony na Steve. Maisha yake itasomwa vile ilikuwa. Itasomwa pia ile maneno ya dawa, kwa sababu hapa Chepseon imesemwa vibaya karibu miaka miwili, na mama hakufurahia kwenda kwa udongo ikiwa hivyo. Kuna shangazi wamesema hiyo iachwe, watu wataongea. Watu wameshaongea. Leo wasikize.

Mama Priscillah alizaliwa tarehe 9 Mei 1971 kwa kambi ya wafanyikazi ya shamba moja kubwa ya chai nje ya mji wa Kericho. Babake, marehemu Mzee Ongeri, alikuwa ametoka Nyansiongo kuja kupogoa chai, ile kazi ya kukata mti mpaka ubaki urefu wa goti ndio uchipuke upya. Mamake alikuwa mchumaji. Priscillah alikuwa kifungua mimba wa watoto sita, na alibebwa mgongoni ndani ya chai mvua ikinyesha, jua ikiwaka. Alikuwa akisema alijua harufu ya majani kabla ya kujua ya maziwa.

Alianza shule ya msingi hapo kambini mwaka wa 1978. Alikuwa kati ya wale wa kwanza kabisa Kenya hii kufanya KCPE, mwaka wa 1985, na hiyo hakuacha watoto wake wasahau. "Sisi ndio walijaribiwa nayo," alikuwa anasema. "Nyinyi mmepata njia imefyekwa na bado mnajikwaa." Alipita vizuri. Sekondari hakuenda. Mamake alikuwa ameanza kuugua miguu, na kulikuwa na wadogo watano wa kupikia na kufulia. Hakulalamika. Lakini siku moja karani wa mizani alimsema kwa Kizungu akidhani haskii, na Nyambeki akamjibu kwa hiyo hiyo Kizungu, pole pole, mpaka karani akaangalia viatu vyake. Huyo karani hakurudia.

Aliandikwa kazi ya kuchuma mwaka wa 1989 na akachuma miaka ishirini, mpaka mashine za kukata majani zilipokuja na mikono ikapunguzwa. Mikono yake ilikuwa na mwendo wake. Majani mawili na chipukizi, hakuna bua, hakuna jani limekomaa. Na jambo ambalo watu wa nje hawakuwa wanaamini: hakuwahi kunywa chai hata kikombe moja. Alikuwa Msabato kamili, wa uji na maziwa moto. Rafiki yake Chepyegon, ambaye walikuwa wanachuma laini moja, hakumwacha na hiyo.

"Mwangalieni huyu Mkisii," Chepyegon alikuwa anasema. "Anachuma chai kama amefukuzwa na mbwa, na hata ladha yake haijui."

"Mchimba kaburi pia hajui," Nyambeki akamjibu. "Na bado anachimba."

Laini yote ilicheka mpaka nyapara akakuja kuuliza ni nini.

Mzee Danson Masese alikuwa dereva wa trekta ya kubeba majani kwenda kiwandani. Hakumpata Nyambeki kwa maneno matamu. Siku moja mwaka wa 1991 alisimamisha trekta kwa jua akaenda kuongea na watu, na huyu msichana akamfuata. "Wewe dereva! Unapika majani ya watu kwa jua! Rudi hapa ufunike." Danson akarudi, akafunika. Anasema mpaka leo hajui kwa nini alitii. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 20 Desemba 1992. Mungu akawapa Tabby mwaka wa 1994, Antony mwaka wa 1998, na Steve mwaka wa 2004. Mwaka wa 2009 walihamia hapa Chepseon kwa hii shamba, na mama akapanda na kutunza chai yake mwenyewe, huko nyuma ya nyumba, mpaka kule chini kwa mto.

Kati ya hawa watoto watatu, Antony ndiye alichukua hasira ya mama, lakini akasahau kuchukua breki yake. Mama alikuwa anakasirika na kusema neno moja likatosha. Antony anakasirika na kusema kumi, na ya kumi ndiyo inaumiza. Hiyo muiweke kando kidogo.

Mwezi wa Septemba 2021, mama akiwa anaoga, alishika uvimbe kwa titi la kushoto, gumu, halitembei. Hakunyamaza nayo kama wengi. Alimwambia Tabby siku hiyo hiyo. Lakini huu ugonjwa ulikuwa wa mbio. Walipofika hospitali ya kansa, mwendo wa masaa mawili kutoka hapa, Daktari Obiero akapata imeshafika kwapani na kwa ini. Wakatoa nyama kidogo ikaenda kupimwa, halafu hiyo nyama ikapimwa tena mara ya pili, na majibu ya hiyo ya pili ndiyo iliwapa tumaini. Daktari alieleza kwamba chembe za kansa ya mama zilikuwa na kama midomo mingi sana nje, na kwa hiyo midomo ndiyo zinakula na kuzaana upesi. Ndio sababu ilikuwa kali. Lakini kuna dawa imetengenezwa mfano wa askari wa damu, inatafuta hiyo midomo pekee na kuishika.

Mama alisikiza yote. Akauliza, "Na kemo?"

"Kemo tutaanza nayo pamoja," daktari akasema. "Hiyo inaua chembe zote zinakua haraka, mbaya na nzuri. Nywele itaenda."

Siku ya akina mama kanisani aliwaelezea vizuri kuliko daktari. "Kemo ni kufyeka na panga, inakata magugu na mchicha. Hii ingine ni mtu anajua magugu kwa jina, anaingia kwa shamba, anang'oa yake, anatoka."

Dawa yenyewe ilikuwa sindano ya paja, inadungwa pole pole dakika tano. Siku ya kwanza mama alimuuliza daktari, "Raundi ni ya siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Hiyo naelewa," mama akasema. Mtu wa chai anajua raundi. Ukichuma kipande hiki leo, unarudi baada ya siku zake, si kabla, si baada. Ukichelewa, jani linakomaa, na kiwanda kinalitupa. Ukiruka raundi mbili, mti umekimbia juu na huwezi kuurudisha kwa mkono. Alichora raundi zake za sindano kwa kalenda ya jikoni, kando ya raundi za majani, na kwa mwaka moja na zaidi hakuruka hata moja.

Aliyekuwa anamdunga ni Sista Metrine. Wale mmemskia kwa stage, mlimskia vibaya. Huyu ndiye alikuwa anamwekea mama kiti cha dirishani kwa sababu mama hakupenda kuangalia ukuta. Mara ya kwanza alimletea chai ya wagonjwa, mama akakataa, akaambiwa ni chai ya kwao Kericho, safi. "Naijua," mama akasema, "nimewachumia nyinyi. Niletee maji moto." Sista alicheka, na kutoka hapo akawa anamchemshia maziwa.

Na dawa ilifanya kazi. Mwezi wa Julai 2022 skani ilionyesha ini imebaki na alama kidogo, na uvimbe wa titi ukawa ni wa kutafutwa na kidole. Nywele ilirudi, ya kipilipili, na mama akarudi kwa chai na kikapu yake. Chepyegon, ambaye siku hizi anakaa ng'ambo ya mto, alimwona akapiga nduru watu wakadhani ni nyoka.

Sasa ile maneno.

Aprili 2023 dawa iliisha hospitali kwa muda. Daktari Obiero akaandika barua, na dozi moja ikapatikana kwa famasi ya Nairobi. Antony ndiye alitumwa. Alipewa kwa boksi ya baridi, akaambiwa ikae kwa friji, isiguse barafu, na ndani kulikuwa na karatasi ya maelezo. Karatasi hakusoma. Alifika Chepseon jioni ya Jumatano, kliniki ikiwa kesho yake. Mama alikuwa amepiga simu mapema: "Ipeleke kwa friji ya soda ya Wanjiru. Nimeshaongea naye."

Duka ya Wanjiru imepakana na bucha ya bwanake, Muchiri. Antony akaangalia friji ya soda, akaangalia friza ya nyama. Akajiambia kitu ya maana haiwekwi na Fanta. Kama baridi ni mzuri, baridi kabisa ni mzuri zaidi.

"Antony, soma kwanza hapo kwa boksi," Muchiri akamwambia. "Si kuna kitu imeandikwa?"

"Muchiri, wewe uza nyama."

Asubuhi ile dawa ilikuwa jiwe. Antony aliiweka ndani ya jaketi mpaka ikayeyuka, na hakuambia mtu. Hata mama hakumwambia.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 20 Aprili 2023. Sista Metrine alichukua boksi, akaona karatasi yake imelowa. Akainua chupa kwa dirisha. Ndani kulikuwa na vitu vidogo vinaelea kama maziwa imekatika.

"Hii imekaa wapi?"

"Kwa friji," Antony akasema.

"Hii iliganda, ndugu yangu. Ikiganda inakufa. Siwezi kumdunga mama hii."

Hapo kama angesema ukweli, mambo ingeishia hapo. Daktari angepiga simu, dozi ingine ingetafutwa, labda wiki moja, mbili. Lakini Antony alishikwa na aibu, na aibu yake hutoka kama matusi. Mbele ya wagonjwa karibu thelathini akamwambia huyo sista anataka kubaki na dawa auze. Akamwita mwizi. Akamwita na mengine, ambayo haiwezi kuandikwa kwa karatasi iko na picha ya mama. Askari akakuja. Sista aliweka ile chupa mezani, taratibu, mahali kila mtu anaiona, akarudi nyuma.

Mama alisimama kwa kile kiti cha dirishani, akafunga leso, akatoka.

Walipofika nyumbani ndio akauliza, "Uliweka wapi?"

"Kwa friza ya Muchiri."

"Na ulijua, wakati unamwita mwizi?"

Antony akavua ile jaketi, akaiweka kwa kiti.

"Basi utarudi umwombe msamaha. Siwezi kukaa kwa kiti ya mtu mtoto wangu amemwita mwizi, halafu nimpatie paja anidunge. Siku umeomba, siku hiyo nitaenda."

Antony akakataa. Alidhani mama atashindwa kwanza, kwa sababu mgonjwa ni yeye. Mama naye alidhani mtoto atashindwa kwanza, kwa sababu mwenye makosa ni yeye. Mzee Danson aliwaangalia kwa meza akasema, "Nyinyi wawili mmechongwa kwa jiwe moja, na jiwe hilo litatuangukia sisi wote." Tabby alilia. Mchungaji alikuja mara mbili. Hospitali dawa ilirudi baada ya wiki mbili tu, na Sista Metrine mwenyewe alimpigia mama simu.

"Mama, kiti chako kinakungoja."

"Nitakuja, mwanangu," mama alikuwa anamjibu, na haendi. Alipigiwa mara sita.

Watu wa kanisa wakimuuliza mbona haendi kliniki, mama alisema dawa iliharibika. Hakutaja nani. Alikuwa anamfunika mtoto wake. Na huyo mtoto, badala ya kujificha vizuri chini ya hiyo leso, alienda stage akawaambia wasee sista wa kule anauza dawa za wagonjwa. Hiyo ndiyo ilitembea mpaka Fort Ternan. Wengine wenu mliibeba.

Raundi tano zikaruka. Mwisho wa Julai mama alikuwa anachuma akaona mkono wa kulia haufungi. Vidole vinaenda kwa jani na kuliacha. Aliketi chini katikati ya chai, akamwambia Chepyegon, "Mkono umesahau kazi." Chepyegon ndiye alimpigia Antony, na huyo mama wa Kipsigis hakumbembeleza. "Wewe! Mama yako anakufa na wewe unalinda mdomo?"

Alhamisi tarehe 3 Agosti 2023, Antony alienda hospitali peke yake, akangoja wagonjwa waishe. Akamwambia sista ukweli wote, friza na jaketi.

"Ningekusamehe hiyo siku yenyewe," sista akasema. "Leta mama. Leo."

Mama aliletwa. Kabla ya kuingia alimshika Antony mkono. "Umeomba kwa sababu naumwa, ama kwa sababu ulikosa?"

"Zote mbili, mathe."

"Hiyo ya pili ndiyo nilikuwa nangoja," akasema, na akaingia.

Skani ilionyesha ugonjwa uko kichwani. Antony alimuuliza Daktari Obiero kama ni hizo raundi tano. Daktari akasema hiyo sindano haivuki vizuri kuingia kwa ubongo, na hii aina ya kansa hupenda kwenda huko, kwa hivyo inawezekana ingefika tu hata bila kuruka. Inawezekana. Antony amelala na hilo neno kila siku tangu hiyo siku. Halimwachilii na halimhukumu. Kwa ini nayo ilikuwa imeanza kuota tena, na hiyo daktari hakusema inawezekana.

Mama alichomwa miale kichwani, halafu akaanzishwa dawa mpya ya kuingia kwa mshipa. Hiyo ni askari yule yule, lakini sasa amebeba sumu kidogo mgongoni, anaenda kuitua ndani ya chembe ya kansa yenyewe. Ilimpatia mwaka moja zaidi. Alimwona mtoto wa pili wa Tabby. Alifundisha mkono wa kushoto kushika kijiko. Hakuchuma tena. Alikuwa anawekewa kiti nje, na akiona mtu anaruka mti anampigia kelele kutoka hapo. Novemba 2024 hiyo dawa pia ikachoka.

Wiki yake ya mwisho, Antony akiwa anampaka mafuta miguu, mama alimwambia maneno ambayo imeleta hii karatasi. "Ulimwomba sista msamaha mkiwa wawili, mlango umefungwa. Lakini ulimtukana mbele ya watu, na ukampaka matope kwa stage. Hapo bado."

"Nitaenda stage, mathe. Nitawaambia."

"Stage ni watu kumi," mama akasema. "Siku yangu watakuwa wengi."

Alituacha Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa tisa alasiri, hospitalini, Mzee Danson akiwa ameshika ule mkono wa kulia. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Anazikwa leo Ijumaa tarehe 24 Januari, mapema, ili Sabato iingie watu wakiwa wametulia.

Basi isomwe mbele ya watu, vile matusi ilisemwa mbele ya watu. Sista Metrine hakuiba dawa. Hakuuza dawa. Dawa iliharibiwa na Antony Masese, kwa friza ya nyama, akiwa ameambiwa na mamake na akiwa ameonywa na Muchiri. Zile wiki kumi na tano mama hakudungwa, dawa ilikuwa imerudi hospitali, na mtu alikuwa anapiga simu kumwita alikuwa ni huyo mnamwita mwizi. Alipoalikwa kwa haya mazishi, kitu ya kwanza aliuliza ni kama atakuwa salama. Mtu amechemshia mama maziwa mwaka mzima, anauliza kama ni salama kuja kumzika. Hiyo aibu si yake. Antony, ambaye ndiye anawasomea hii karatasi, anamwomba msamaha hapa, akiwa amesimama, na mdomo ule ule. Angeweza kuifanya mama akiwa mzima, akachelewa tena. Hataskia. Hiyo hakuna mtu anaweza kuirekebisha.

Mama Priscillah ameacha bwanake Danson Masese; watoto wake Tabby, Antony na Steve; wajukuu wawili; ndugu na dada zake wanne walio hai, watoto wa Mzee Ongeri; rafiki yake Chepyegon; na Sista Metrine, ambaye familia imeomba akae leo na familia.

Lala, Mama, mpaka ile asubuhi utaitwa kwa jina lako. Amani ya Mungu ikufunike.